Shahidi Aliyetiwa Maji

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na uzigawe hapo nyumbani: Mama umpe fungu kubwa, Shemeji la pili, na zitakazobaki wapwa zangu wazigombanie wenyewe. Goti lako limepoa? Uliniandikia kwamba linalia kama bawaba kila unapoinuka. Na Mama, sikio la kushoto limefunguka, au bado hasikii pale tu anapoombwa kitu? Mimi ni mzima. Mgongo unanikumbusha umri wangu kila asubuhi, na vidole vimechubuka kwa dawa ya kuoshea sakafu, lakini nakula na nalala. Leo nina furaha isiyokaa ndani, ndiyo maana sikungoja mwisho wa mwezi. Nimekaa juu ya ndoo niliyoipindua, karatasi nimeiweka juu ya gunia la chakula cha mbwa, na ukiona mwandiko unarukaruka ujue mkono unakimbia kuliko kichwa.

Utaona leo sikukuita Muuapunda kama tulivyozoea kukuita sote tangu utotoni. Sikusahau. Soma mpaka chini utajua sababu, na tafadhali usiruke mistari, nakujua.

Unajua kwamba nafanya kazi katika hospitali ya wanyama, na kwamba kazi yangu ni kuosha vizimba, kubeba magunia, na kuwashika mbwa miguu wanapochomwa sindano. Nisichowahi kukuambia ni kwamba nakinga pia mikojo. Nililiona jambo la aibu kumwandikia mtu. Tuna upawa wa jikoni tulioufunga kwenye mpini wa fagio, na mbwa akiinua mguu unausogeza chini yake polepole bila kumshtua. Mwenzangu wa vizimbani, ambaye tunamwita Bosi kwa sababu hakuna anayemtii, husema wenzetu walitoka kwao kutafuta mali, sisi tukatoka kwetu kutafuta mikojo, na hata hiyo haipatikani kirahisi.

Sasa nisikilize. Jumatatu asubuhi, kabla sijamaliza safu ya kwanza ya vizimba, aliingia dereva wa lori amembeba mbwa mikononi kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Ni mbwa mkubwa wa rangi ya kahawia, sikio moja limekatika ncha, umri miaka tisa. Jina lake Breki. Dereva alisema wamesafiri pamoja tangu mbwa huyo akiwa saizi ya kiatu, na kwamba yeye hana mke wala mtoto, ana lori na Breki, na lori si lake. Kwa siku tatu mbwa alikuwa anatapika na kuharisha njiani kwenye joto, na hali chochote. Daktari alimvuta ngozi ya shingoni, na ile ngozi ikabaki imesimama kama kitambaa kilichopigwa pasi vibaya. Dereva ilimbidi aende sokoni kushusha mzigo. Kabla ya kutoka alituambia mimi na Bosi kwamba huyu mbwa hakojoi popote ila kwenye gurudumu la lori, tena lori likiwa limezimwa. Tulicheka. Tulidhani ni maneno ya mtu anayempenda mbwa wake kupita kiasi.

Daktari wetu ni mwanamke mfupi anayetembea kama amechelewa kila mahali. Alichukua damu, akaniagiza nikinge mkojo upesi kabla hajamtundikia mbwa dripu, maana dripu ikishaingia mkojo hauaminiki tena. Nikamtoa Breki nje. Nikampeleka kwenye majani, akasimama. Nikampeleka kwenye mti, akautazama mti kama anauliza ni wa nini. Nusu saa nzima nimeinama na upawa wangu, mgongo unawaka, vizimba kumi na viwili vinaningoja, na Bosi anapita na toroli akiniuliza kama supu imeiva. Nikamrudisha kizimbani. Nilipokuwa naosha kizimba cha jirani kwa mpira wa maji, nikageuka nikaona mbwa ameshindwa kujizuia: kuna kidimbwi kidogo sakafuni, na maji yangu yanatiririka kutoka upande wa pili kwenda kukutana nacho.

Dada, ningeweza kumwambia Daktari nimeshindwa. Nilichofanya ni kuchukua bomba la sindano lisilo na sindano, nikavuta ule mkojo sakafuni pamoja na maji yake, nikautia kwenye chupa. Daktari aliniuliza kama nimekinga mwenyewe. Nikasema ndiyo. Nilijua kuna maji ndani, lakini nilijiambia maji ni maji, yana ubaya gani? Mtu akitia maji kwenye maziwa ni mwizi, lakini kwenye mkojo amemwibia nani?

Saa nne majibu yalitoka. Nilimsikia Daktari akiongea na dereva kwenye simu kwa sauti ile ya chini wanayotumia kwa habari mbaya. Alimwambia figo za Breki zimekufa, na kwamba kwa umri wake hakuna njia ila kumpumzisha asiteseke. Alipotoka alisema dereva ameomba mbwa wake asichomwe tena sindano yoyote, hata ya dripu, mpaka yeye mwenyewe afike saa kumi amshike. Daktari alikuwa amekubali.

Bosi, ambaye hupenda kujua kila kitu, akamwuliza alijuaje kwamba ni figo. Ndipo Daktari akatueleza, na hapo ndipo jua liliponichwea mchana kweupe. Alisema ndani ya damu kuna taka ambayo figo hupaswa kuitoa. Ya Breki ilikuwa imejaa. Lakini taka inaweza kujaa kwa njia mbili: ama figo zimeharibika, ama figo ni nzima ila mnyama amekaukiwa na maji mwilini. Kwa damu peke yake huwezi kujua ni lipi. Damu ni mlalamikaji tu, alisema, shahidi ni mkojo. Figo nzima mwili ukikosa maji hubana kama mfuaji mwenye mikono yenye nguvu anavyokamua shuka, zikatoa mkojo kidogo, mzito. Figo zilizokufa haziwezi kukamua, kwa hiyo mkojo hutoka mwepesi hata kama mwili unakufa kwa kiu. Na mkojo wa Breki, alisema, ulikuwa mwepesi karibu kama maji.

Bosi alinitazama. Alikuwa ameniona na lile bomba.

Daktari alipoondoka, Bosi alinivuta nyuma ya stoo akanishauri kama ndugu. Aliniambia nifunge mdomo. Alisema mimi ni mtu wa kibarua nisiye na karatasi hata moja ya kunitetea, na daktari akijua nimemdanganya nitatoka getini kabla ya ndoo yangu kukauka. Alisema mbwa ni mzee, huenda figo zimekufa kweli, na shahidi wangu wa maji amesema kweli kwa bahati. Maneno yake yalikuwa na akili, Dada. Niliyameza. Nikarudi kuosha vizimba kwa zaidi ya saa mbili, na sidhani kama vizimba vile vimewahi kung'aa hivyo.

Kilichonivunja ni ulimi. Saa saba na ushei nilipita mbele ya Breki na mpira wa maji, na maji kidogo yakaruka kizimbani mwake. Yule mbwa, ambaye hakuwa na nguvu ya kuinua kichwa, akajivuta kwa kifua akaanza kulamba sakafu. Alilamba simenti polepole, macho yake yananitazama mimi. Nimewahi kuona mnyama mmoja tu maishani akilamba hivyo, nawe ukifika chini utajua ni yupi. Nilitupa mpira chini. Uliendelea kumwaga maji peke yake mpaka kwenye viatu vya Bosi, nami nikaenda chumba cha vipimo.

Nilimwambia Daktari kila kitu nikiwa nimesimama mlangoni, kofia mkononi. Nilitaka kueleza habari ya mgongo na vizimba kumi na viwili, lakini nilipofika hapo hata mimi niliona havifai. Hakupiga kelele. Alivua miwani, akaniuliza maji yalikuwa kiasi gani. Nikasema labda robo tatu. Akatazama saa ya ukutani, ilikuwa saa saba na nusu. Akaniambia habari yangu mimi ataishughulikia baadaye, na kwamba sasa anataka mkojo safi, mbwa asichomwe hata sindano ya kuuvuta kibofuni kwa sababu yeye ametoa neno lake, na dereva hapokei simu. Kisha akasema jambo lililonipa mbio: mradi dripu haikuingia, shahidi bado yupo ndani ya kibofu.

Tulimtoa Breki kwa toroli, nimemtandikia gunia. Kwanza tulimpeleka kwenye gari la Daktari mwenyewe. Akanusa gurudumu, akakaa chini. Bosi, ambaye alikuwa amenikasirikia lakini hawezi kukosa tamasha, akasema mbwa wa watu ana hadhi yake, hakojolei gari dogo. Tukajaribu baiskeli ya mlinzi, na mlinzi akalalamika kwamba baiskeli yake haikuugua. Bosi akachuchumaa akaanza kumpigia mluzi kama mama anayemkojoza mtoto, na ninaapa, aliyepata haja ni mlinzi, akaondoka kwa haraka. Breki hakufanya kitu. Saa nane ikapita. Daktari alitoka mara mbili kutazama, na mara zote mbili akarudi ndani.

Saa nane na nusu likaingia lori la magunia ya chakula cha mifugo. Breki alisikia mngurumo wake kabla yetu. Aliinua kichwa kutoka kwenye toroli, sikio lile bovu likasimama. Nikakimbia mbele ya lile lori nimenyanyua mikono, nikamwomba dereva wake azime injini. Akasema hana muda, anashusha magunia matatu tu na kuondoka, injini haizimwi kwa magunia matatu. Nikamwambia nahitaji mbwa akojolee gurudumu lake. Alinitazama juu mpaka chini, na upawa wangu mkononi, akamwuliza mlinzi aliyekuwa anarudi kama hospitali hii siku hizi inatibu na watu. Lakini akazima.

Kukawa kimya. Nilimshusha Breki, nikampitishia kanga kuukuu chini ya tumbo ili asimame. Alitembea hatua nne. Akanusa gurudumu la nyuma kwa makini, kama fundi anayekagua, akajaribu kuinua mguu, ukashindwa, nikausaidia kuuinua kwa mkono wa kushoto huku upawa uko kulia na kanga naing'ata kwa meno. Na akakojoa. Kidogo tu, Dada, kama vijiko vitatu, lakini rangi yake ilikuwa kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Nilibeba upawa ule kwa mikono miwili kupitia uani, Bosi mbele yangu akifungua milango na kuwaambia watu wapishe, na watu wakapisha bila kujua wanapisha nini.

Kipimo chenyewe ni kijibomba kifupi chenye kioo, kama darubini ya mtoto. Unatia tone moja, unafunika, unakielekeza dirishani na kuchungulia. Ndani kuna rangi mbili, buluu juu na nyeupe chini, na panapokutana ndipo unaposoma namba. Mkojo ukiwa mzito, mstari unapanda. Kuna desimali nyingi, lakini Daktari alisema nisome tarakimu mbili za mwisho basi. Asubuhi mstari ulisimama kumi na moja. Alitia tone, akafunika, halafu badala ya kuchungulia akanipa mimi. Alisema aliyemtia shahidi maji ndiye atakayemsikiliza wa kwanza.

Arobaini na nane, Dada. Nilisoma mara tatu kwa sababu shule yangu unaijua. Arobaini na nane. Nikampa, akachungulia, akakaa kwenye kiti kama mtu aliyeshushwa mzigo, akacheka. Alisema figo zinazoweza kukamua hivyo hazijafa. Mbwa huyu ana kiu tu.

Dereva alifika saa kumi kasoro. Alikuwa ameoga, amevaa shati safi, na amebeba blanketi la ndani ya lori la kumfunikia mbwa wake. Daktari alimweleza, yule bwana akakaa sakafuni pale pale mbele ya kizimba, blanketi mapajani. Kisha Daktari akaniambia sehemu iliyobaki niseme mwenyewe. Nikasema. Dereva alisema kama angeyasikia haya akiwa na mbwa mfu mikononi, angenigongesha kichwa kwenye ukuta ule pale, na akanionyesha ukuta. Nikamwambia ningekubali. Akaniuliza kwa nini sikumsikiliza aliposema habari ya gurudumu. Nikamwambia tulicheka.

Dripu ikaingia jioni ile. Jumatano taka katika damu ilikuwa imeshuka nusu, na leo Ijumaa Daktari amesema damu yake imerudi sawa. Saa mbili zilizopita Breki ametoka getini kwa miguu yake minne, akaenda moja kwa moja kwenye gurudumu la lori lao, na tukio hilo tumelitazama wafanyakazi wote kama watu wanaotazama bendera ikipandishwa. Sikufukuzwa. Daktari amebandika karatasi ukutani: kila chupa iandikwe mkojo umetoka wapi, kwenye upawa, kwenye sindano, au sakafuni. Mwandishi wa chupa ni mimi. Amesema mtu aliyeungua ndiye anayejua sufuria ya moto. Bosi analalamika kwamba sasa mimi ni karani, na ameanza kuniamkia.

Sasa, Dada, nimefika pale nilipokuwa nakimbilia tangu mstari wa kwanza, na naona mkono umepunguza mwendo.

Unamkumbuka punda wetu wa kubebea maji. Unakumbuka mwaka ule wa jua kali alipoanguka njiani na madumu mgongoni, na Baba akasema amekufa kwa majani uliyomkatia kule machimboni, kwamba yalikuwa ya sumu. Ulilia ukasema mbuzi wa jirani wanakula majani yaleyale, na hakuna aliyekusikia. Punda alipokwisha, maji yalihitaji kichwa, na kichwa kikawa chako, ukaacha shule darasa la sita. Ukabakiwa na jina. Mpaka leo Mjomba analitaja kwenye kila harusi, watu wanacheka, nawe unacheka nao.

Zamu ya kumnywesha ilikuwa yangu. Kisimani foleni ya birika la wanyama ilikuwa ndefu, na mimi nilitaka kuwahi mpira. Nikawa najaza madumu, namfunga mzigo, na kumrudisha bila kunywa. Si siku moja. Siku nane au tisa. Jioni nilipokuwa nashusha madumu alikuwa analamba yale majimaji ya nje ya madumu, Dada, ananitazama, nami nilikuwa namvuta kamba nikaona ananichelewesha. Siku mbili za mwisho alikojoa kidogo tu, rangi ya chai. Baba aliponiuliza kama ninamnywesha, nilisema ndiyo. Ni ndiyo ileile niliyomwambia Daktari.

Jana nilimweleza Daktari dalili zote, bila kumwambia punda alikuwa wa nani. Hakufikiri sana. Alisema majani hayana hatia, punda huyo alikufa kwa kiu.

Baba amefariki akiamini ni wewe, na hilo siwezi kulirudisha, wala darasa la sita. Lakini Mama yupo, na Mjomba yupo, na harusi ya binti yake ni mwezi ujao. Naomba barua hii umpe mpwa wangu mkubwa aisome siku hiyo mbele ya watu wote, kwa sauti ya kumfikia Mama hata upande wa kushoto. Asiruke mstari hata mmoja. Ukinikasirikia ni haki yako, na ukuta hata hapo nyumbani upo, nitakuja likizo ya mwaka na kichwa changu. Ila nimemwona dereva yule akiinuka sakafuni na kukunja blanketi lake ambalo halikutumika, na tangu siku hiyo sina amani mpaka nawe uinuke.

Nisalimie ukoo mzima, na goti ulikande kwa maji ya moto. Huko kwenu kukiwa na jua kali, wanyama wanywe kwanza.

Ni mimi mdogo wako,

Muuapunda